Doa Jekundu la Damiano

Watu wa Mpanda waliniona mkali, na mimi sikuwabishia. Nilishuka kwenye treni na masanduku yangu ya vifaa, nikamgombeza mchukuzi kabla hajashika sanduku, nikamgombeza tena alipoliweka chini. Jina langu Josephat Lyamba, fundi wa injini za ndege ndogo. Kwetu ni Kibaoni, kule Mpimbwe, lakini sikuwa na mpango wa kufika. Wazazi walishakufa, nyumba ilishaanguka, dada yangu Eufrazia ameolewa Sumbawanga. Ningekwenda kumsalimia nani, mahindi?

Nilikuja kwa ajili ya ndege. Ndege ya shirika letu, ya injini moja na viti vinne, ilikuwa inatua hapo Mpanda, gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo la ngiri. Pua ikainama, pangaboi likachimba ardhi, injini ikazima kwa kishindo. Hakuna aliyeumia. Rubani wetu, Yotham, alitoka mzima, akasimama pale anamtukana ngiri ambaye hata hakuwepo. Sasa mtu asiyejua atasema, si mfunge pangaboi jipya mruke? Thubutu! Pangaboi likigonga ardhi huku injini inazunguka, kishindo chote kinarudi ndani, kwenye krenki, ule mtaimbo mzito wa katikati unaolizungusha. Krenki inaweza kupata ufa mwembamba usioonekana, halafu siku moja mko hewani inakatika. Kwa hiyo injini lazima ishushwe, ifunguliwe yote, ikaguliwe, irudishwe mahali pake. Tena upesi, maana mvua zilikuwa zinakuja kukata barabara za bonde la Rukwa, na bila ndege hiyo muuguzi wetu, Sista Marta, asingewafikia wagonjwa wake wa huko.

Kazi hiyo hufanywa na watu wawili. Ndiyo ilikuwa sheria ya karakana yetu Tabora, na sijui nani aliianzisha. Mmoja anakaza nati. Mwingine anakuja nyuma yake, anaijaribu kila nati kwa mkono wake mwenyewe, akiridhika anaitia doa la rangi nyekundu. Nati yenye doa imekwisha, usiirudie. Nati isiyo na doa haijakazwa, hata ukiapa mbele ya askofu. Na aliyepaka rangi ndiye anayepanda na rubani siku ya kuijaribu ndege. Aliyekaza anabaki chini, ili likitokea la kutokea abaki mtu anayejua kilichofanyika.

Mimi nilikuwa wa kukaza. Wa rangi alikuwa Damiano.

Nilifanya kazi na Damiano tangu hatuna ndevu. Mtu mnene, mpole, hana haraka, anakagua nati moja mpaka unatamani kumzaba kibao. Siku ya kujaribu ndege yeye anapanda, mimi nasimama chini namfokea, "Ukifa huko usinitafute!" Naye ananipungia brashi yake ya rangi dirishani. Wakitua anashuka taratibu, ananiambia, "Sijafa, umekosa bahati." Kisha tunakwenda kula. Ulikuwa utani wetu, hatukuuacha hata siku moja. Halafu Damiano akaugua ini, akalazwa, akafa mchana mmoja mimi nikiwa kazini nimelala chini ya ndege. Safari hiyo aliondoka bila kufokewa.

Baada ya mazishi mkuu wa karakana akataka kunipa mtu mwingine. Wa kwanza nilimkataa kwa sababu anapiga mluzi. Wa pili alinikataa yeye, akasema bora afukuzwe kazi kuliko kushinda na mimi. Ajali ya Mpanda ilipotokea mkuu akaniuliza, "Utakwenda na nani?"

"Na sanduku langu."

"Atakayepaka nani, Josephat?"

"Nitakaza mwenyewe, nitapaka mwenyewe, nitapanda mwenyewe. Kuna kingine?"

"Ndege hiyo ikianguka hutakufa peke yako," mkuu akasema. "Kuna Yotham. Kuna Sista na wagonjwa wake." Nikamwambia hayo nayajua, asinifundishe. Nikatoka na kopo la rangi la Damiano na brashi yake.

Banda la uwanja wa ndege wa Mpanda lilikuwa la bati, ukuta upande mmoja, pande nyingine wazi. Yotham alipanda treni kwenda kufuata pangaboi jipya na vipuri, mimi nikabaki na ile ndege iliyoinamisha pua. Asubuhi nilisikia vishindo vya kutwanga kutoka mtaa wa Makanyagio na watoto wakiitana kwenda shule, halafu kimya. Mchana kutwa upepo na bati. Niseme wazi, sikutegemea itaniuma namna ile. Nilikuwa nikilala chini ya injini, nanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama nilivyozoea, ili Damiano aniwekee spana ninayoitaka. Hakuwa akiuliza saizi, alikuwa anajua. Mkono unabaki hewani umefunguliwa. Nikishtuka nautukana mkono wangu mwenyewe.

Injini haishuki kwa mtu mmoja, kwa hiyo niliomba kibarua wa kuvuta mnyororo. Nikaletewa Pontien. Alikuwa mkimbizi, Mrundi wa makazi ya Katumba, mtu mzima wa makamo, mwembamba, kimya, kofia mkononi. Kwao alikuwa fundi baiskeli. Alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza mbali kabisa na ndege, kama vile itaiambukiza kitu.

"Jambo, muzee," akasema.

"Mzee ni baba yako," nikamjibu. "Kazi yako hapa ni kushika na kuvuta. Kuuliza siyo kazi yako, kushauri siyo kazi yako. Umesikia?"

"Nimesikia, muzee."

Tukaanza. Tuliondoa kifuniko cha injini, tukamwaga oili, tukafungua mabomba ya mafuta, waya za umeme na kebo za kuongozea injini, kila kimoja nakifunga kitambaa chenye alama ili kijulikane kwao ni wapi. Tukasimamisha magogo matatu juu ya pua ya ndege, tukayafunga vichwa pamoja, tukaning'iniza winchi ya mnyororo. Injini nzima inashikwa kwenye fremu na bolti nne kubwa zenye raba, basi. Ukizitoa hizo nne, inaning'inia. Pontien alivuta mnyororo taratibu, hakutikisa hata kidogo, injini ikatoka kwenye ndege ikakaa juu ya meza ya mbao. Alivuta vizuri. Sikumwambia.

Nati ikishafunguliwa, doa lake limekufa. Hiyo nayo ni sheria: rangi ya zamani ikwanguliwe yote, chuma kibaki kitupu, la sivyo doa la jana litakudanganya leo. Nikampa Pontien kisu na kopo lenye nati zote, nikamwambia akwangue. Akakaa chini akawa anakwangua, madoa yote ya Damiano yanadondoka vumbi jekundu miguuni pake. Mimi nikageuka upande mwingine, nikajifanya napanga spana. Nilipogeuka tena alikuwa ameshika moja ya zile nati nne kubwa, ya bolti ya chini kulia. Juu yake Damiano alikuwa ametia rangi nyingi mno siku alipoikagua mara ya mwisho, ikachuruzika, akaibonyeza kwa dole gumba ili isidondoke. Ikakaukia hapo. Alama ya dole lake ilionekana wazi, mistari yote.

"Hiyo usiiguse!"

Pontien akaruka. Nikamnyang'anya nati, nikaifuta kwa shati langu.

"Ni ya nani, muzee?"

"Ya mwenzangu. Amekufa. Haikwanguliwi hii, sikia, usiiguse tena hata kwa kitambaa!"

Akaniangalia, mara ya kwanza ananiangalia usoni. "Pole," akasema. Kisha akarudi kukwangua zilizobaki. Ile nati nikaiweka mfukoni, na kila siku nilipokuwa naosha silinda na kupima pete za pistoni nilikuwa naipapasa.

Krenki ndiyo iliyokuwa na maneno yote. Tuliifungua injini nusu kwa nusu, tukaitoa, nikaiosha, nikaitumbukiza kwenye mafuta ya taa ikashinda humo. Halafu nikaifuta mpaka ikakauka kabisa, nikaipaka unga wa chaki nyeupe kila mahali. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka taratibu, yanachora mstari mweusi kwenye chaki. Kazi yako ni kukaa na kutazama. Tulikaa. Jua likazunguka banda, sisi tunatazama chuma cheupe. Hakuna mstari. Nikaipima kunyooka kwake, nikairudia, imenyooka. Moyo ukatulia. Nikageuza kichwa nimwambie Damiano, "Umeiona hiyo?" Aliyekuwa hapo ni Pontien.

"Nini muzee?"

"Hakuna. Leta sabuni."

Yotham alirudi na treni, na pangaboi limefungwa magunia, na habari kwamba Rukwa mvua zimeshaanza. Akaniharakisha. Mimi mtu wa kuharakishwa? Lakini ilikuwa kweli, mawingu tuliyaona wenyewe upande wa kusini. Tukaikusanya injini kwa gasketi mpya, Pontien akavuta mnyororo, injini ikarudi polepole kwenye pua ya ndege mpaka matundu yakakutana. Nikapitisha bolti nne, nikazungushia nati kwa vidole tu, ili injini ishike kwanza, kisha tukalegeza mnyororo. Ile ya Damiano nikairudisha kwake, chini kulia. Sikufikiri mara mbili. Nilitaka iende hewani na alama yake, naye apande tena safari moja, mjinga yule.

Kisha nikaanza kukaza kwa spana, nati moja baada ya nyingine, na kila niliyoikaza naitia doa. Bolti za fremu, mabomba, silinda, waya. Huku Yotham ananizungukazunguka, "Bado? Bado?" Nakaza, napaka, nakaza, napaka. Kazi ya watu wawili mtu mmoja akiifanya inamchanganya akili, haijalishi ana uzoefu gani. Nikamaliza. Nikapitisha macho toka juu mpaka chini: madoa mekundu kila mahali, hakuna lililokosekana. Sista Marta alikuwa ameshafika na masanduku yake ya dawa, amekaa juu ya mojawapo, anasali rozari. Kesho yake ndio alikuwa aende bondeni.

"Lete kifuniko tufunge," nikamwambia Pontien.

Akakileta. Akafika nacho kwenye injini, akasimama.

"Weka basi! Unangoja nini?"

"Muzee, umesema nisiulize."

"Ndiyo nimesema!"

Akakiinua kifuniko, kikakaribia kukaa, kisha akakishusha tena chini kwenye nyasi, taratibu. Akavua kofia.

"Hii ya marehemu," akasema, akionyesha kwa kidevu bila kugusa, "nani amemukazia?"

Nikafungua mdomo nimtukane. Badala yake nilijaribu kukumbuka spana yangu ikiwa pale chini kulia, nikakumbuka juu kulia, juu kushoto, chini kushoto. Halafu nikakumbuka nimeinama, nimeona wekundu, nikapita. Miaka yote ile wekundu maana yake Damiano ameshapita hapo, kwa hiyo mimi sina kazi. Macho yangu yalimwamini. Nikapeleka mkono, nikashika ile nati kwa vidole viwili.

Ikazunguka.

Ilizunguka bila nguvu yoyote, kama kifuniko cha chupa ya soda iliyokwisha funguliwa. Nilikaa chini hapo hapo kwenye oili. Yotham akaja mbio anauliza kuna nini, akaona nati na vidole vyangu. Yeye ndiye angekuwa juu, pamoja na mimi, na injini inatikisika kwenye bolti tatu. Na kama ingevumilia siku hiyo, kesho yake angekuwa Sista. Nililia. Sioni haya kusema, nililia kwa sauti mbele ya watu, na sikulia msibani.

"Nilifikiri labda kwenu ni desturi," Pontien akasema, amechuchumaa pembeni yangu. "Kitu cha mutu aliyekufa, hakiguswi. Mimi nikaona ni vizuri. Mimi ndugu yangu hakuniachia hata doa."

"Ndugu yako yupi?"

"Siméon. Tulikuwa tunatembea kuja Tanzania. Akafia mu musitu. Tukamuzika, tukaendelea kutembea, wanajeshi walikuwa nyuma. Sasa sijui ni wapi."

Sikuwahi kumwuliza hata siku moja kama ana ndugu. Nilikuwa nimeshinda naye siku zote zile katika banda moja, mtu na mtu, na mimi naongea na maiti.

Nikanyanyuka. Nikachukua kisu. Kisha nikakwangua. Lile dole likatoka vipande vipande, mistari yake yote, likawa vumbi. Nikaikaza ile nati mpaka spana ikalia. Halafu nikaanza kukwangua na madoa yangu mwenyewe niliyoyapaka, moja baada ya jingine.

"Josephat, jua linakwenda!" Yotham akasema.

"Liende. Hakuna doa hapa linaloaminika."

Nikampa Pontien spana ya pili. Nikamwambia nitakaza, naye atakuja nyuma yangu aijaribu kila nati kwa mkono wake, na asiporidhika aseme, tena aseme kwa sauti, nikimfokea asinisikilize. Nikamwonyesha nati iliyokazwa vizuri inavyokataa kuzunguka. Alielewa mara moja, hata baiskeli inakataa vile vile. Kisha nikamwonyesha brashi, lakini sikumpa.

"Sikiliza kwanza. Anayepaka rangi ndiye anayepanda ndege kujaribu. Ndiyo sheria. Bado hujapaka, unaweza kukataa, na hakuna atakayekulaumu. Nitapaka mimi."

Akafikiri muda mrefu. Yotham akakohoa, nikamkata jicho.

"Ndege inapita juu ya musitu ule?" Pontien akauliza. "Upande tuliotokea?"

Yotham akasema ikibidi itapita.

"Basi nipe. Labda nikiwa juu nitapaona."

Akachukua brashi. Tulifanya kazi mchana wote uliobaki, mimi mbele, yeye nyuma. Alinirudisha mara kadhaa, "Muzee, hii bado," na mara zote nilifoka na mara moja alikuwa sahihi. Madoa yake yalikuwa madogo, nadhifu, hayafanani kabisa na ya Damiano. Kesho yake asubuhi tukaiwasha injini ikiwa chini, ikanguruma ikatulia, hakuna oili inayovuja, hakuna kinachotikisika. Yotham akanionyesha dole gumba. Pontien akapanda, akafungwa mkanda, uso umemkauka kwa hofu. Mimi nikafunga mlango.

Ndege ikaenda mpaka mwisho wa uwanja, ikageuka, ikaanza kukimbia. Nilikuwa nimejiapiza nitanyamaza. Ilipofika usawa wangu nikajikuta nakimbia nayo pembeni, nikafoka kwa nguvu zangu zote, "Pontien! Ukifa huko usinitafute!"

Wapi, hakusikia. Aliona mdomo wangu tu unafunguka, akanipungia mkono dirishani. Mkononi alikuwa bado ameshika ile brashi, nilisahau kumnyang'anya.

Nikabaki. Ndiyo kazi yangu, kubaki. Nilisimama katikati ya uwanja nikaisikiliza ile injini ikielekea kaskazini mpaka ikawa kama nyuki, halafu ikawa hakuna. Sista Marta akaja akaniambia nikae kivulini. Sikukaa. Ilipotoka tena mawinguni nilikuwa nimesimama pale pale.

Wakatua. Yotham akashuka anacheka, injini safi, safi kabisa. Pontien akashuka nyuma yake, akashika bawa kidogo, miguu haijazoea. Akanirudishia brashi.

"Ulipaona?"

Akatikisa kichwa. "Musitu wote unafanana, muzee. Hakuna alama."

Nikaifuta brashi kwa shati langu. "Kuna injini nyingine za kukaza," nikamwambia. "Utapanda tena, tutatafuta." Kisha nikamwambia twende tukale.